Safari ndefu na watoto wadogo ihesabiwe kwa saa, si kwa kilomita

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wazazi wanaojiandaa na safari ndefu ya gari wakiwa na watoto wadogo, hasa wa chini ya miaka sita. Kila likizo inapokaribia, ushauri wanaopewa ni uleule: bebeni vitu vya kuchezea, bebeni vitafunio, ondokeni mapema. Si ushauri mbaya, lakini unalipita jambo lililo zito kuliko yote. Safari ya familia huharibika siku ile inapopangwa. Mzazi anafungua ramani, anaona kilomita 700, anagawa kwa kasi aliyoizoea, kisha anawapigia simu wanaomsubiri na kuwaambia, "Saa 8 mchana tunakula pamoja." Tangu hapo kila kinachomhusu mtoto, iwe haja ndogo, nepi, kiu au kichefuchefu, kinaonekana ni kikwazo cha kufika. Na dereva anayekimbizana na saa aliyojipangia mwenyewe ndiye huyo anayekubali mtoto anayelia afunguliwe mkanda apakatwe, ilimradi gari lisisimame.

Hesabu yenyewe ifanywe hivi. Gari ambalo mshale wake unagusa 100 halimalizi kilomita 100 kila saa. Kuna miji ya kupita, malori ya kufuata kwa dakika kadhaa kabla ya kupata upenyo, matengenezo ya barabara na foleni ya mafuta. Kwenye barabara nzuri ya njia mbili, wastani wa kilomita 70 kwa saa ndio unaosema kweli. Kilomita 700 basi ni saa 10 za magurudumu kuzunguka. Ongeza vituo. Mtoto mdogo atolewe kwenye kiti kila baada ya saa 2, kwa hiyo njiani mna vituo 4. Kituo chenye mtoto wa miaka miwili hakiishi kwa dakika 10: kumfungua, kumpeleka chooni, kumnawisha, kumlisha, kumwacha anyooshe miguu, kumrudisha na kumfunga upya kunakula nusu saa hata mkiwa wepesi. Kimoja kati ya hivyo vinne ni cha mlo, nacho ni saa nzima. Jumla ni saa 12 na nusu. Anayeondoka saa 12 asubuhi atafika saa 12 na nusu jioni, macho yamemwiva, na watoto uvumilivu uliwaishia zamani. Safari hiyo ni ya siku mbili, ipangwe hivyo tangu mwanzo. Kwa watoto wa chini ya miaka mitano, saa 6 za gari kutembea kwa siku zinatosha. 8 ziwe ndio mwisho, na ziwe kwa familia yenye madereva wawili.

Saa 2 hizo hazikuokotwa tu. Mtoto mchanga akikaa kwenye kiti cha gari, mgongo wake hujikunja kidogo, na kichwa, ambacho ni kizito kwa shingo isiyo na nguvu, huelekea kuangukia kifuani. Kidevu kikigusa kifua, njia ya hewa inabanwa kama mpira wa maji uliokunjwa, na mtoto hana nguvu za kuinua kichwa ajinusuru. Halii. Hunyamaza, na walio mbele hudhani amelala vizuri. Ndiyo maana kwa mtoto wa wiki chache za mwanzo, na zaidi kwa aliyezaliwa kabla ya wakati, mtu mzima akae nyuma pembeni yake, vituo viwe kila baada ya nusu saa hadi saa moja, na safari isiyo ya lazima iahirishwe. Kipimo ni kidole: kati ya kidevu na kifua pabaki nafasi ya kidole kimoja angalau. Isipobaki, kiti kimesimama mno. Kilazwe zaidi kwa kufuata alama ya ulalo iliyochorwa ubavuni mwake. Usimwekee mto au nguo nyuma ya kichwa, maana hiyo ndiyo inayosukuma kidevu mbele. Na mkifika, asiachwe aendelee kulala humo kwenye kiti. Ahamishiwe kitandani, alazwe chali.

Kuhusu kiti chenyewe nitakaa kidogo, kwa sababu makosa mengi yako hapa na hayaonekani mpaka siku ya ajali. Wapo wanaoamini mikono ya mama inatosha. Gari lililo kwenye kilomita 50 kwa saa likigonga kitu na kusimama ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde, mtoto wa kilo 10 hutupwa mbele kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 140. Hakuna mikono inayoshika hilo. Anayejifunga mkanda mmoja pamoja na mtoto aliyempakata anazidisha hatari, kwa kuwa uzito wake wote unamgandamiza mtoto kwenye mkanda. Shirika la Afya Duniani linazitaja ajali za barabarani kuwa chanzo kikuu cha vifo vya watu wa umri wa miaka 5 hadi 29. Kwa familia iliyo barabarani siku nzima, kiti cha mtoto kinatangulia kila kitu kingine katika orodha ya maandalizi.

Mtoto mdogo atazame nyuma ya gari. Kichwa cha mtoto anapozaliwa ni karibu robo ya urefu wake wote, na mifupa ya shingo yake haijakomaa. Gari likigonga kwa mbele, kiti kinachotazama nyuma hupokea mgongo, shingo na kichwa kwa pamoja. Kinachotazama mbele hushika mabega tu, kichwa kikabaki kinavutwa na shingo. Kanuni namba 129 ya Umoja wa Mataifa, inayofuatwa na watengenezaji wa viti Ulaya na kwingineko, inataka mtoto atazame nyuma hadi apite miezi 15, na madaktari wa watoto wa Marekani wanashauri aendelee hivyo mpaka afikie uzito au kimo cha mwisho kilichoandikwa kwenye kiti chake. Miguu kugusa mgongo wa kiti cha gari haimaanishi kwamba kiti kimekuwa kidogo; ataikunja, na wala haimsumbui kama tunavyodhani. Tazama kichwa: kikibakiza chini ya sentimita 2.5 kufikia ukingo wa juu wa kiti, hapo ndipo kimekuwa kidogo. Na kiti kinachotazama nyuma kisifungwe kamwe mbele kwenye mfuko wa hewa unaofanya kazi. Mfuko ukifumuka hukipiga kiti mgongoni, pale pale kilipo kichwa.

Kufunga kiti ni kazi ya mchana kweupe, siku moja kabla, isiachwe hadi alfajiri mtu akamulike kwa simu. Kama gari na kiti vina Isofix, yaani vishikio vya kukinasa kiti moja kwa moja kwenye gari bila mkanda, sukuma vishikio vyake viwili hadi kila kimoja kilie na alama igeuke kijani, kisha shusha mguu unaoegemea sakafuni au kaza mkanda wa juu. Kwa kiti kinachofungwa kwa mkanda wa gari, pitisha mkanda kwenye njia yake (viti vingi vina alama ya buluu kwa anayetazama nyuma na nyekundu kwa anayetazama mbele), ufunge, halafu kandamiza ndani ya kiti kwa goti huku mkono ukivuta ulegevu wote. Sasa kishike pale mkanda unapopita, ukitikise kushoto na kulia. Kikisogea zaidi ya sentimita 2.5, fungua uanze tena. Usikipime kwa kukitikisa huko juu. Hapo karibu kila kiti kinacheza, utajisumbua bure.

Mikanda ya mtoto mwenyewe ina mtihani wa vidole viwili. Mfunge, vuta utepe wa mbele hadi ukaze, kisha jaribu kuubana mkanda wa begani kati ya kidole gumba na cha shahada, kama anayetaka kukunja kitambaa. Ukipata mkunjo, umelegea, vuta tena. Vidole vikiteleza bila kushika kitu, imetosha. Kwa anayetazama nyuma, mikanda itokee usawa wa mabega au chini kidogo. Kwa anayetazama mbele, usawa wa mabega au juu kidogo. Koti nene livuliwe kabla, kwani kishindo cha ajali huminya hewa yote iliyomo, na mkanda uliodhani umekaza unakutwa umelegea. Kukiwa na baridi, mfunge kwanza ndipo umfunike blanketi kwa juu.

Kaka au dada yake aliyekwisha kuvuka kiti cha namna hiyo bado anahitaji kiti cha kumnyanyua mpaka afikie kimo cha sentimita 135, na nchi nyingine zinadai 150. Utepe wa chini ulale kwenye mifupa ya nyonga, usipande tumboni. Wa juu upite katikati ya bega. Ukimkera shingoni ataupitisha chini ya kwapa, na dereva hatajua. Akaguliwe kila mnapoondoka kituoni. Tena, kiti kilichowahi kuwemo kwenye ajali kubwa, au ambacho hujui kilikotoka, usikitumie hata ukipewa bure. Ufa wa plastiki hujificha chini ya kitambaa.

Tuje kwenye mizigo. Vitu vizito viwe chini kabisa kwenye buti, vimeegemea mgongo wa kiti cha nyuma, na kisiwepo kitu kigumu kwenye ubao ulio nyuma ya vichwa vya watoto. Chupa ya maji ya lita moja na nusu, kwa hesabu ileile ya kilomita 50, huruka kwa nguvu ya kilo 20 na zaidi. Kosa kubwa la upakiaji ni kuzika tairi la akiba, jeki na spana chini ya masanduku yote. Pancha ikitokea, mzigo mzima unashushwa kando ya barabara na watoto wanazagaa huku magari yakipita. Tairi hilo la akiba nalo lijazwe upepo, maana ndilo linalosahaulika. Matairi mengine yapimwe asubuhi yakiwa baridi, yajazwe kiwango cha gari lililopakia, kilichoandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva au ndani ya kifuniko cha tangi. Kiwango hicho mara nyingi ni kikubwa kuliko cha gari tupu, na tairi lenye upepo mdogo chini ya mzigo hujikunja ubavu, hupata moto, likapasuka kwenye mwendo. Angalia na umri wake: tarakimu 4 za mwisho za msimbo ulio ubavuni ni wiki na mwaka, kwa mfano 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mwisho, weka loki ya watoto kwenye milango ya nyuma na ufunge swichi ya vioo.

Kichefuchefu ndicho kinachovuruga safari nyingi, nacho kina sababu inayoeleweka. Sikio la ndani linahisi gari likipinda, likipunguza mwendo, likipanda mlima. Macho yaliyoinamia kitabu au skrini yanauambia ubongo kwamba hakuna kinachosogea. Habari hizo mbili zikipingana, tumbo ndilo linalolipa. Kwa watoto wa chini ya miaka 2 ni nadra, na kati ya miaka 2 na 12 ndipo inapotesa zaidi. Mtoto mdogo hasemi kwamba anasikia kichefuchefu. Anapiga miayo, ananyamaza katikati ya wimbo, midomo inapauka, jasho jembamba linatokea juu ya mdomo, anameza mate mfululizo. Ukiona mawili kati ya hayo una dakika chache tu. Zima skrini, shusha kioo, mwelekeze atazame mbali mbele, na utafute mahali salama pa kusimama. Ashuke, akanyage ardhi isiyotembea, apumue, anywe maji funda dogo dogo. Dakika 10 hapo zinakuepusha na saa nzima ya kusafisha viti.

Zaidi ya hapo, alishwe chakula kidogo na chepesi saa moja au mbili kabla ya kuondoka. Tumbo tupu kabisa nalo linachokoza kichefuchefu. Kama kiti chake kinakubali, akae katikati aone barabara. Manukato ya kuning'iniza kwenye kioo yaondolewe. Dereva naye ana sehemu kubwa: anayekanyaga breki kwa kishindo na kukata kona kwa kasi huwatapisha watoto ambao mikononi mwa mwingine wangefika wakiimba. Zipo dawa, kama zile zenye dimenhidrineti, ambazo hupewa mtoto kuanzia miaka 2, nusu saa hadi saa moja kabla ya kuondoka, kwa kipimo atakachosema mfamasia. Akishaanza kutapika umechelewa. Promethazini, dawa nyingine ya kichefuchefu, asipewe kabisa aliye chini ya miaka 2, kwani inaweza kudhoofisha upumuaji wake hadi kuua. Nasema kwa msisitizo: dawa yoyote ya kuleta usingizi isitumiwe kumnyamazisha mtoto msumbufu. Aliyelazwa kwa dawa hataamka kichwa chake kinapoangukia kifuani.

Mfuko wa dharura ukae miguuni pa anayekaa nyuma, usiwe ndani ya buti. Uwe na mifuko 4 isiyovuja, taulo ndogo 2, chupa ya maji ya kunawia, vitambaa vyenye unyevu, na nguo kamili za kubadilisha za kila mtoto, kila seti kwenye mfuko wake wa plastiki ili chafu ziingie humo humo. Weka na fulana moja ya mtu mzima, kwa sababu anayempokea mtoto anayetapika naye hasalimiki. Mikanda ya kiti ikichafuka ifutwe kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo. Kuiloweka au kuitia dawa za kung'arisha hudhoofisha nyuzi zake.

Kulisha kuna mambo yake. Heri mtoto ale kituoni kuliko gari likitembea, kwani anayepaliwa kabisa hatoi sauti na dereva hamuoni. Karanga nzima, peremende ngumu, bisi na zabibu nzima visimfikie aliye chini ya miaka mitano akiwa nyuma. Zabibu ikatwe vipande 4 kwa urefu. Na kila mtu mzima aliyemo garini ajue la kufanya. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja alazwe kifudifudi juu ya mkono, kichwa kikiwa chini ya usawa wa kifua, apigwe makofi 5 katikati ya mabega kwa kitako cha kiganja. Kisipotoka, ageuzwe chali, akandamizwe katikati ya kifua mara 5 kwa vidole viwili. Aliyepita mwaka apigwe makofi 5 mgongoni, kisha asukumwe tumbo mara 5 kwa ngumi iliyowekwa juu kidogo ya kitovu, kuingia ndani na kupanda juu. Rudia kwa zamu mpaka kitoke. Akizirai, ita msaada na uanze kumkandamiza kifua na kumpulizia pumzi.

Anayenyonya maziwa ya mama pekee, chini ya miezi 6, haongezewi maji hata joto likizidi. Ananyonyeshwa mara nyingi zaidi, gari likiwa limesimama. Wanaotumia maziwa ya kopo wasichanganye ya siku nzima asubuhi. Maji yaliyochemka yawekwe kwenye chupa ya chai nzuri, na unga uliopimwa uwe kwenye vikopo vya kila mlo. Unga uchanganywe na maji yasiyopungua nyuzi 70, kwa sababu unga wenyewe hauna uhakika wa kutokuwa na vijidudu na joto hilo ndilo linaloviua. Kisha poza chupa ndani ya maji baridi na ujaribu tone kwenye kifundo cha mkono. Yakibaki baada ya saa 2, mwaga. Maziwa ya mama yaliyokamuliwa hukaa saa 4 kwenye joto lisilozidi nyuzi 25, na hadi saa 24 kwenye kasha lenye barafu.

Kituoni mtu mzima ashuke kwanza, watoto wateremkie upande usio wa barabara, na kila mmoja aweke kiganja kwenye bodi ya gari mpaka wote wawe chini. Wafundisheni hilo nyumbani kama mchezo, maana mtoto aliyefungwa saa 2 akifunguliwa huchomoka mbio, na dereva anayerudi nyuma hamwoni aliye mfupi kuliko buti lake. Poti ibebwe hata kwa aliyekwisha kuacha nepi. Ndani yake tandaza mfuko na nepi, akimaliza unafunga na kutupa. Gari lililofungwa juani, hata nje kukiwa na nyuzi 22 tu, ndani hupita nyuzi 40 katika saa moja, na sehemu kubwa ya joto hilo huja katika nusu saa ya kwanza. Kuacha kioo wazi kidogo hakusaidii lolote la maana, na mwili wa mtoto hupata joto mara 3 hadi 5 kwa kasi kuliko wa mtu mzima. Kwa hiyo hakuna "naingia mara moja tu kulipa". Mkirudi, gusa chuma cha mkanda kabla ya kumkalisha. Kikiwa juani huunguza ngozi. Kiti kifunikwe shuka jeupe kila mnapotoka.

Dereva ndiye kiungo ambacho hakina cha akiba. Aliyekaa macho saa 17 mfululizo huitikia mambo kama mwenye kileo cha asilimia 0.05 katika damu. Watafiti wa Australia walilionyesha hilo mwaka 1997. Sasa tazama desturi ya kuondoka usiku ili watoto walale njiani. Mzazi amefanya kazi mchana kutwa, amefunga mizigo jioni, kisha anashika usukani katika saa ambazo mwili unadai usingizi kwa nguvu zote, yaani saa 8 usiku hadi saa 12 alfajiri. Kwa kilomita 100 kwa saa, kusinzia sekunde 4 ni kusafiri mita 111 bila dereva. Kushusha kioo na kuongeza sauti ya redio hakuondoi usingizi. Kinachosaidia ni kusimama mahali salama, kunywa kahawa na kulala dakika 15 hadi 20, maana kahawa yenyewe huchukua kama nusu saa kufanya kazi. Afadhali kulala mapema na kuondoka alfajiri watoto wakiwa bado na usingizi wao. Injini izimwe wakati wa kulala. Moshi unaovuja kutoka kwenye ekzosi una gesi ya kaboni monoksidi isiyo na harufu, nayo huua kimya kimya. Tena dereva asiwe mlezi. Kugeuka sekunde 2 kuokota mwanasesere ni mita 55 bila kutazama mbele. Kama uko peke yako na watoto, kila kilio kinachohitaji mkono ni kituo.

Gari likiharibika, litolewe barabarani kadiri inavyowezekana, taa za tahadhari ziwashwe, na watoto watolewe kwa upande salama wakae nyuma ya kizuizi au juu ya tuta, mbali na gari. Wasisubiri ndani. Pembetatu ya kuakisi iwekwe nyuma angalau hatua 50, na mbali zaidi penye mwendo mkubwa au kona. Fulana za kuakisi ziwe ndani ya gari karibu na mkono, za watoto zikiwemo.

Vitu vya kuchezea nitavipitia haraka kwa sababu vimeandikwa vya kutosha. Viwe laini, vichache, vitolewe kimoja baada ya kingine. Mtoto wa miaka minne hajui saa 3 ni nini. Mfungie kamba yenye vifundo, kifundo kimoja kwa kila kituo, afungue kimoja mnapofika. Ataacha kuuliza "bado?" kila dakika kumi, kwa sababu jibu analo mkononi.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Msimu wa safari unapokaribia, chapisheni picha mbili kubwa: moja ya vidole vikijaribu kubana mkanda wa begani, nyingine ya kidole kati ya kidevu cha mtoto mchanga na kifua chake. Zitoke wiki moja kabla ya shule kufungwa, wakati wazazi bado wana muda wa kwenda garini mchana na kuangalia.

Mzazi na dereva